Picha ya Watu Watatu

Jumapili, 8 Oktoba

Leo ni siku ya nane tangu niwe mke wa Deodatus Rweyemamu. Daftari hili nimelinunua jana sokoni Mkuyuni, hapa Mwanza, kwa sababu nimeogopa furaha kama hii ikikaa moyoni tu itavuja. Deo akiamka anapiga mluzi kabla hajafumbua macho. Nilikuwa sijui kama kuna mtu duniani anayeamka hivyo.

Nyumba iko mlimani katikati ya mawe makubwa. Kutoka dirisha la chumba chetu ziwa lote linaonekana, na juu ya kitanda kuna picha ya harusi ya ukoo wao. Siyo harusi yetu. Ni karatasi ya zamani sana, ukubwa wa daftari lililofunuliwa, ndani ya fremu yenye kioo. Mwanamume na mwanamke wa Kizungu wa kale wamesimama ukingoni mwa maji, wameshikana mikono. Mbele yao kuna mtumbwi mdogo, na ndani ya mtumbwi amesimama mvushaji, ameshika mti mrefu. Yeye ni mweusi tii, hana uso. Padri mmoja alimpa picha hii babu mzaa babu wa Deo siku aliyooa, alipokuwa katekista kule Bukoba, na tangu hapo picha hukaa chumba cha maharusi.

Tuliporudi kutoka kanisani Mama mkwe aliniuliza, "Mkamwana, kwenye picha yenu kuna watu wangapi?"

"Watatu, Mama."

"Vizuri. Kumbe Wasukuma mnafundishwa kuhesabu."

"Tunahesabu ng'ombe, Mama. Ndizi ndizo zinatushinda."

Alicheka mpaka akashika mlango.

Jumanne, 10 Oktoba

Deo amekwenda Nansio. Yeye ni fundi wa injini za mitumbwi, na kazi nyingi ziko kisiwani Ukerewe, kwa hiyo kila wiki anaondoka Jumanne na kurudi Jumamosi. Nimemfunga mimi mwenyewe kamba za raba zake, kwa fundo langu la vitanzi vitatu ambalo dada zangu wote walishindwa kujifunza. Akasema watu wa melini watamcheka. Nikasema wacheke.

Jumatano, 11 Oktoba

Nimelala upande wake wa kitanda.

Jumapili, 15 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Mama kauliza tena watu wangapi. Watatu. Kumbe ni desturi yake, kila Jumapili.

Kwenye zawadi za harusi, ambazo leo nimezipanga upya, nimekuta penseli ya wanja aliyonipa yeye, nene, ya kuchongwa kwa kisu. Nilikuwa nimesahau maneno yake siku ile: "Weka. Usiumalize machoni." Nikadhani ananitania kwa kupenda kujiremba.

Jumamosi, 21 Oktoba

Sista Prudencia amekuja kuibariki nyumba. Ni binamu yake Mama, anatunza nyaraka na vitabu vya kale vya kanisa, ana miwani minene na mikono safi kama ya daktari. Alipofika chumbani kwetu, maji ya baraka yalibaki kwenye kitawi kibichi alichoshika. Alikuwa ameisogelea picha mpaka pua ikagusa kioo.

"Hii si ya kwenye kalenda," alisema. "Hii imechapwa kwa bamba la shaba, kwa mkono. Inaweza kuwa na miaka mia tatu, mia nne. Leonsia, umekaa na kitu hiki muda wote huo?"

"Nimekaa nacho," alijibu Mama.

Sista akasema picha kama hizo, zikiwa na hali nzuri, watu wa Ulaya huzitafuta. Lakini lazima kwanza ipimwe: karatasi, wino, madoa, kila tundu.

Mimi ndiye niliyedaka maneno yale. Karakana. Kama picha ina thamani, Deo atafungua karakana yake hapa hapa Mkuyuni, injini zije kwake badala ya yeye kuzifuata, na mimi sitalala tena peke yangu siku nne kwa wiki. Niliomba ipimwe. Nataka niandike hapa kwamba ni mimi niliyeomba.

Jumapili, 29 Oktoba

Mvua. Watatu.

Jumamosi, 4 Novemba

Leo imepimwa. Nilikaa pembeni ya Sista nikimshikia taa, Deo akashika upande wa pili, na magoti yetu yakawa yanagusana chini ya meza. Hata kazi ya kutazama karatasi ni tamu ukiwa na mtu wako.

Sista alivaa glavu za pamba akaitoa picha kwenye fremu kwa kisu chembamba. Akapitisha kidole pembezoni, akanipa na mimi nipitishe. Karatasi imebonyea kidogo kuzunguka picha nzima, kama alama ya sahani juu ya unga. Ndipo bamba la shaba lilipokandamizwa. Akainua karatasi dirishani, na ndani yake nikaona mashada ya zabibu ambayo kwa kawaida hayaonekani, alama ya waliotengeneza karatasi. Alikuwa akisema na kuandika: "Pembe zote zipo, haikupunguzwa. Madoa ya kahawia kumi na moja, ya unyevu. Tundu moja la mdudu, kwenye mawingu. Mikunjo midogo. Hali nzuri, nzuri sana kwa kitu kilichokaa kando ya ziwa."

Kisha akaweka lenzi juu ya mvushaji na kalamu ikasimama.

"Kijana, njoo uone," alimwambia Deo. "Wewe ni fundi."

Tuliangalia wote kwa zamu. Nguo ya yule mwanamke ina mistari myembamba kuliko nywele, imekatwa safi. Mtumbwi una mistari, maji yana mistari. Mvushaji hana hata mmoja. Yeye hakuchapwa. Amepakwa.

"Na amepakwa mara tatu, kwa mikono mitatu," alisema Sista. "Chini kabisa ni wino wa kuandikia. Juu yake masizi, nadhani ya sufuria. Juu ya masizi ni kitu cha mafuta. Wanja, kama sikosei. Mtu alikuwa anaficha kitu hapo. Tukiusafisha uchafu huu tutamwona mwenyewe aliyechorwa."

Mama alikuwa mlangoni na ungo wa maharage. "Huyo mwache alivyo," alisema.

"Leonsia, huo ni uchafu. Unashusha thamani."

"Nimesikia. Nami nasema mwache."

"Kuna nini, Mama?" Deo aliuliza. "Sema basi."

Mama alitikisa ungo, akaangalia maharage. "Kuna mambo ukiyasema kwa mdomo unayaita. Mnayo picha, ni yenu. Picha ni ya wenye chumba." Akanitazama mimi, siyo Deo. "Mwenye kusafisha ni bibi harusi siku zote."

Nilidhani ni wivu wa mama mkwe, ule tuliosimuliwa jikoni kabla ya harusi. Nilisema, kwa adabu kabisa, isafishwe.

Jumatano, 8 Novemba

Sista kaichukua. Ukutani pamebaki mraba mweupe. Mvua siku ya nne.

Jumamosi, 18 Novemba

Picha imerudi, na Sista Prudencia ana furaha kama msichana. Ametumia pamba, brashi laini na maji yaliyochemshwa, siku saba. Wanja umetoka, masizi yametoka, wino umetoka.

Chini yake hakuna kitu.

Mtumbwi upo, na pale aliposimama mvushaji kuna karatasi tupu yenye umbo la mtu. Mistari ya maji inafika ukingoni mwa umbo hilo na kukoma, kama vile imemzunguka mtu kisha mtu akaondoka. Deo akauliza kama alikwanguliwa kwa kisu. Sista akainua karatasi kwenye mwanga. Ingekwanguliwa, pale pangekuwa pembamba, pangeng'aa. Unene ni mmoja.

"Ni jaribio," alieleza. "Mchongaji alichapa nakala moja kabla hajamaliza bamba, ili aone kazi inavyokwenda. Mvushaji alikuwa bado. Nakala za namna hii ni adimu mno. Mjue, nimeshaipiga picha nikazituma kwa mtaalamu, na amejibu."

Alitaja kiasi. Kinatosha karakana, na injini mbili, na kubaki. Mtaalamu anasubiri tukubali tu, itumwe kabla ya Krismasi. Deo alininyanyua juu mbele ya mtawa. Sista akageukia dirishani akacheka.

Kwa sasa tumeirudisha ukutani, sehemu kavu kuliko zote.

Jumapili, 19 Novemba

"Watu wangapi, mkamwana?"

"Wawili, Mama." Nilisema kwa mzaha.

Aliweka kijiko chini. Hakula tena. Alihamisha kigoda chake akakaa mlangoni, katikati kabisa, mpaka mvua ikamlowesha magoti.

Jumamosi, 25 Novemba

Deo amerudi. Mpenzi wangu wa moyo. Odeta, jirani yetu anayeuza dagaa pale chini kwenye ngazi za mawe, alinipigia kelele wakati naenda kuchota maji: "Bibi harusi, umepika cha kutosha? Mmepata mgeni."

"Mgeni gani?"

"Aliyepanda na mumeo. Mrefu. Nimewasalimia wote, mumeo kaitikia, yule hata neno. Watu wa visiwani wana dharau."

Deo anasema alipanda peke yake. Tulicheka. Baadaye nilipopiga deki niliona nyayo za maji kwenye saruji, kutoka mlangoni mpaka chumbani. Za raba za Deo, na pembeni yake za miguu mitupu. Mvua inanyesha, kila mtu analowa. Nilifuta zote.

Jumapili, 26 Novemba

Wawili. Mama haulizi tena mara moja, anauliza mara tatu, kama mtu anayepapasa ufunguo mfukoni ambako anajua haupo.

Alhamisi, 30 Novemba

Deo kapiga simu mchana. Anasema kuna kitu kinamchekesha. Juzi kwenye meli abiria walijaa hadi wengine walikaa juu ya magunia ya machungwa, lakini kiti cha pembeni yake hakikukaliwa safari nzima. Alimwambia mama mmoja mwenye mtoto, kaa hapa. Yule mama akajibu, "Si kuna mwenyewe?"

"Ukasemaje?" nikamuuliza.

"Nikasema hakuna. Akaniangalia mimi, akaangalia kiti, akaenda kusimama na mtoto wake."

Alikuwa anacheka. Mimi nilicheka pia ili asisikie hofu yangu.

Jumamosi, 2 Desemba

Bega la kushoto la shati lake limelowa. La kulia kavu. Nimelianika. Usiku huu bado limelowa.

Jumapili, 3 Desemba

Leo nilimfuata Mama jikoni, nikamwambia shikamoo mara ya pili siku hiyo hiyo, kwa sababu sikuwa na neno lingine.

"Marahaba. Kaa."

Nilikaa. Nikamuuliza wanja ule kwenye picha ulikuwa wa nani.

"Wangu," alisema. "Masizi ni ya mama mkwe wangu. Wino ni wa mama mkwe wake, aliiba chupa ya katekista." Alimenya ndizi mbili kabla hajaendelea. "Kila bibi harusi akifika anaona doa jeusi kwenye picha. Na bibi harusi gani hapendi kusafisha? Mimi nilisugua kwa limau wiki ya pili."

"Sista anasema mlikuwa mnaficha mtu."

"Prudencia kasoma sana. Hatukuwa tunamficha. Tulikuwa tunamrudisha."

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia mapema. Akasema mama mkwe wake naye hakumwambia, alimpa kipande cha sufuria tu, na akaelewa siku ile ilipobidi. "Mimi nilichelewa. Baba yake Deo alirudi akiwa mzima, lakini umeona picha zake, zote mbali na ziwa: miaka thelathini na mbili hakukanyaga maji, hata ya beseni. Alioga kwa kitambaa."

Nilitoka nikaenda kuiangalia picha. Nilifikiria karakana. Niandike ukweli: nilifikiria karakana muda mrefu, Deo akiwa nyumbani kila siku, mluzi kila asubuhi. Nikajiambia hizi ni hadithi za bibi, na picha itatumwa kwa mtaalamu tarehe ishirini, na ikishaondoka itaondoka na mambo yake. Wanja niliuacha kwenye droo.

Jumanne, 5 Desemba

Nilimwomba asiende. Alisema injini tatu zimeshafunguliwa, hawezi kuwaachia watu vyuma mezani. Nilimfunga kamba, vitanzi vitatu, nikakaza mpaka akalalamika. Alipokuwa anashuka ngazi nilimwona Odeta akimsalimia, kisha akageuza shingo kidogo, akasalimia tena.

Jumamosi, 9 Desemba

Naandika haraka kabla sijasahau yalivyofuatana.

Asubuhi upepo ulikuwa mkali, ziwa limegeuka rangi ya chai ya maziwa. Saa tano Deo alipiga akasema meli imezuiwa kwa sababu ya mawimbi, atalala Nansio. Nilishukuru Mungu. Saa saba akapiga tena. Sauti yake ilikuwa imetulia mno, kama mtu anayeongea huku akitazama kitu.

"Mke wangu, nakuja. Nimepata mtu wa kunivusha."

"Deo, na mawimbi hayo?"

"Hapa alipo hakuna mawimbi. Maji yamelala kabisa. Ni mzee mrefu, ana mtumbwi mdogo."

"Una injini gani?"

"Hauna injini," alisema polepole. "Cha ajabu, Kija, hauna hata pa kuifunga. Anasukuma kwa mti. Anasema si mbali."

Mume wangu ni fundi wa injini. Anajua Nansio hadi Mwanza ni saa ngapi za meli. Nilimwambia rudi nyuma, ondoka hapo. Akasema, "Nauli hataki. Anasema ilishalipwa," na simu ikakatika.

Nilipogeuka Mama alikuwa ameshaishusha picha kitandani na kuitoa kwenye fremu. Nilifungua droo, nikatoa wanja. Nilianza na miguu, kwa sababu niliona mtu asiye na miguu mtumbwini hawezi kukaa. Kisha mwili, kisha mkono ulioshika mti. Nilijaza umbo lile tupu lote, mpaka ukingoni, bila kuacha nafasi ya sindano, na niliposita kichwani Mama alisema jambo moja tu: "Usimpe macho."

Wanja ulikuwa unakatika, naokota vipande. Karakana ilikuwa inaondoka chini ya vidole vyangu na sikuionea hata huruma. Nilipomaliza kulikuwa na watu watatu. Nilihesabu kwa sauti. Mama akahesabu. Tukahesabu pamoja.

Simu ililia saa nane na dakika kumi. Mawimbi yalikuwa yanapiga nyuma yake hadi alilazimika kupaza sauti.

"Kija, niko kwenye mchanga. Sijui nilikuwa nafanya nini. Nilikuwa nimeshaingiza mguu mmoja, halafu maji yakachafuka ghafla, nikarudi nyuma, na nilipoangalia hakuna mtumbwi wala mtu. Wavuvi wananishika hapa wakidhani nimelewa." Kisha, kama mtoto: "Kiatu changu cha kushoto kimebaki."

Jumapili, 10 Desemba

Amerudi kwa meli, mguu mmoja kwenye raba na mwingine kwenye ndala ya kuazima. Odeta alimsalimia mara moja tu. Nilikuwa nasikiliza.

Nilimwonyesha picha nikamwambia nimeiharibu mwenyewe, kwa makusudi. Alikaa kitandani. Nilidhani atakasirika, na angekuwa na haki. Aliisogeza karibu, akatazama ndani ya mtumbwi muda mrefu, kisha akanipa.

Kwenye sakafu ya mtumbwi, miguuni pa mvushaji, kuna kiatu kimoja kidogo. Sikukichora mimi.

Ijumaa, 15 Desemba

Sista Prudencia alikuja kuandika taarifa ya mwisho kwa mtaalamu. Aliiona picha, akavua miwani, akaifuta na kuivaa tena, na hilo liliniuma kuliko kugombezwa. "Wanja," alisema. "Safari hii umeingia kwenye nyuzi za karatasi. Hautatoka wote." Akaandika, nami nikasoma begani kwake: *Imeharibiwa na mwenye nayo. Thamani ya kuuza: hakuna.*

Akachukua lenzi kumalizia. Akapita mawinguni, mavazi, maji. Alipofika sakafuni mwa mtumbwi akabaki hapo. Alivua glavu, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akasugua kwa kidole. Hakikutoka kitu.

"Hiki kimechapwa," alisema. "Hii ni mistari ya bamba. Lakini kwenye picha nilizopiga Novemba hakipo." Alinipa lenzi. Niliona mistari myembamba kuliko nywele, imekatwa safi, ya wino ule ule wa nguo ya yule mwanamke. Ni raba. Kamba zimefungwa kwa vitanzi vitatu.

Hakuliandika hilo kwenye taarifa. Aliifunga picha kwenye fremu mwenyewe, akagongea misumari, akasema, "Mrudishe ukutani." Hakunywa chai.

Jumapili, 17 Desemba

Mvua imekatika. Ziwa ni la bluu, na watu wanaanika nguo kwenye mawe mlima mzima.

"Watu wangapi, mkamwana?"

"Watatu, Mama."

"Vizuri. Wanja umebaki?"

"Kipande kidogo."

"Kitunze. Utakuwa na mkamwana wako siku moja."

Deo amesema hatakwenda tena visiwani. Ataanzia chini ya turubai pale Mkuyuni, na boksi moja la spana, tutaona. Mluzi wa asubuhi bado haujarudi. Mguu wake wa kushoto umekuwa wa baridi tangu siku ile, baridi ya kitu kilichotolewa majini, hata jua likiwa kali namna hii. Kila akiamka nauweka mapajani mwangu na kuusugua kwa mikono miwili mpaka ninahisi damu ikitembea. Leo, nilipokuwa nausugua, vidole vyake vilisogea, vikabana mkono wangu kidogo. Unyayo ulikuwa umelowa.